Pima Kwanza, Ndipo Ufungue

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita hapa Arusha, mbele ya wenye magari ya zamani ya foru wili. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, kina mama mliokubali kuja kusikiliza habari za nati na grisi siku ya mapumziko, mafundi wetu mnaotuvumilia, na vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoka mapema: wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Mimi nilifundisha fizikia katika shule za sekondari mpaka nilipostaafu, na gari ninalolitengeneza nyumbani ni Land Cruiser ya mwaka 1993, ile ambayo sote tunaiita mkonga kwa sababu ya bomba la kuvutia hewa linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele. Toyota ilianza kutoa familia hiyo ya 70 mwaka 1984, na injini iliyomo ndani ya mkonga wangu, 1HZ, ikaja mwaka 1990: dizeli ya silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, isiyo na tabo wala kompyuta. Nautaja umri wake si kwa majivuno. Gari la umri ule liliundwa na watu waliojua kwamba siku moja litafunguliwa porini, chini ya mwembe, na mtu asiye na umeme. Nati zake nyingi zinafunguka kwa spana namba 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Wenye Landrova za zamani, za Series III, ninyi spana zenu ni za inchi, na mnajua wenyewe jinsi mlivyoteseka kwa kuazima spana za milimita kwa jirani mwenye Toyota.

Ndugu zangu, nimekuja na jambo moja tu. Kinachomshinda mtu kutengeneza gari lake nyumbani si uhaba wa vifaa. Ni haraka ya kufungua kabla ya kupima. Fundi wa gereji ana magari matano yanayomsubiri na wenyewe wanampigia simu. Wewe unalo moja, na Jumapili yote ni yako. Muda huo ndio kifaa chako cha kwanza, nacho hukukinunua kwenye maduka ya Gerezani kule Dar es Salaam wala Unga Limited hapa Arusha. Je, kwa nini basi tunautumia kubadilisha spea ambazo hatujui kama zimeharibika?

Kabla ya kupima chochote, hata hivyo, lazima tuwe hai. Naomba nianze na jeki.

Tulipokuwa tukiishi katika nyumba za walimu, jirani yangu alikuwa na Landrova ya Series III. Asubuhi moja alitaka kubadilisha viatu vya breki vya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Akavuta hendibreki mpaka mwisho, akaweka jeki ya chupa chini ya ekseli, akapandisha, akalitoa gurudumu. Gari likasogea. Akaliangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyejibu kwa utovu wa adabu, nalo likasogea tena, likaiangusha jeki, na dramu ya breki ikazama kwenye udongo hatua moja kutoka mguu wake ulipokuwa.

Je, hendibreki ilikuwa mbovu? Hapana. Hendibreki ya Landrova hizo haishiki magurudumu. Inashika propela, ile shafti ndefu inayopeleka mzunguko kwenye ekseli ya nyuma, pale nyuma ya gia boksi ya pili. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu, yaani gia za kwenye ekseli zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili, inaliruhusu lile lililo hewani kuzunguka kinyume huku lililo ardhini likibingirika, na propela yenyewe isigeuke hata kidogo. Breki imeshika sawasawa, na gari linaondoka. Nilikuwa nimechora difu ubaoni kwa chaki miaka yote ile, lakini siku hiyo ndipo nilipoielewa.

Kwa hiyo ninasema, na nitarudia: jeki ni ya kupandishia, si ya kushikilia. Weka vigingi mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Weka stendi mbili za chuma chini ya ekseli. Kisha, kabla hujalala chini, lisukume gari kwa bega lako kama unayetaka kuliangusha. Likitikisika vibaya, afadhali litikisike wewe ukiwa umesimama. Tofali la saruji lisiingie chini ya gari kamwe, kwa maana halipindi kwanza wala halilii. Linapasuka mara moja. Vifaa vingine vyote nitakavyovitaja leo mnaweza kununua vya bei ya chini. Stendi nunueni nzuri.

Sasa vifaa. Sitaki kukaa sana hapa, kwa sababu kila mtu mwenye gari ana sanduku lake na fahari yake. Seti ya soketi iwe ya pande sita, si ya pande kumi na mbili, kwa kuwa ile ya pili ndiyo inayoteleza na kula pembe za kichwa cha bolti iliyoshika kutu. Multimita, kile kipimo cha umeme, ya kawaida kabisa inatosha. Trei tupu ya mayai ina vishimo thelathini, na kila kishimo kinapokea bolti na washa zake kwa mpangilio ule ule ulizotoka. Simu yako ipige picha kabla ya kila hatua. Na mwenye Land Cruiser anunue soketi ya milimita 54 kwa ajili ya nati za habu za mbele, yaani vitovu vya magurudumu. Mimi niliipata kwa bei isiyofika robo ya gharama ya kujaza tanki. Asiyekuwa nayo ataanza kuzigonga nati hizo kwa tindo, na nikifungua habu ya gari lolote mtaani kwetu ninaweza kuwaambia ni wangapi wamepita hapo na tindo kabla yangu. Kifaa cha mwisho ni mizani ya kuning'iniza, kama ile ya bucha. Mnacheka? Tutaifikia.

Niruhusuni nikae kwenye magurudumu ya mbele, maana ndipo nilipopoteza fedha nyingi na ndipo nilipojifunza.

Miaka michache baada ya kununua mkonga niliona oili nyeusi imetapakaa ndani ya tairi la mbele kulia. Katika magari haya, shafti inatoka kwenye difu, inapita ndani ya ekseli, na inaingia katika tufe la chuma ambamo gurudumu hugeukia. Ndani ya tufe kuna sivi jointi, kiungo kinachoiwezesha shafti kuzungusha gurudumu hata likiwa limekata kona, iliyozama kwenye grisi. Kati ya oili ya difu na grisi hiyo inasimama sili moja ndogo ya mpira. Ikishindwa, oili inaingia, inaiyeyusha grisi, na uji huo unatokea nje kwenye tairi. Nilipeleka gari gereji moja, wakabadilisha sili. Baada ya miezi miwili uji ukarudi. Nikalirudisha, wakabadilisha sili tena, na safari hii wakaniuzia na beringi. Ukarudi.

Niulizeni: ni nani aliyepima? Hakuna. Sili iliharibika, sili ikawekwa nyingine. Hakuna aliyeuliza ni kitu gani kinachoisukuma oili ivuke sili iliyo mpya.

Jumapili moja nikalala chini ya gari na tochi, bila spana mkononi, nikaitazama tu ekseli. Juu yake kuna kofia ndogo ya chuma, ndogo kuliko kizibo cha soda. Hicho ndicho kipumulio cha difu. Gari likitembea, oili inapata moto, hewa iliyo ndani inatanuka, nayo inatokea pale. Nikaigusa kofia ile, ikawa haichezi. Nikaikwangua, ukatoka udongo mkavu: nyigu walikuwa wamejenga nyumba, na matope ya barabarani yakamalizia. Hewa ilikuwa haina pa kutokea isipokuwa kupitia kwenye sili. Kukisafisha kipumulio kulinichukua dakika tano na kipande cha waya.

Na kuna upande wa pili ambao wenzetu wanaovuka mito wakati wa masika wanaujua. Ekseli yenye moto ikiingia ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Kipumulio kikiwa kimeziba, inavuta maji kupitia sili. Ukifungua kizibo cha difu ukaona oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia. Mimi sasa nimeunganisha mpira mwembamba kwenye kipumulio na kuupandisha hadi juu ndani ya boneti, mahali ambapo mto ukifika, oili ya difu haitakuwa tena tatizo langu la kwanza.

Sili iliyokwisha kushindwa, hata hivyo, lazima ibadilishwe, na safari hii nikaamua kufanya mwenyewe. Hapo ndipo mizani inapoingia.

Bamba la mbele la habu limeshikwa na washa za koni zilizojikaza kama zimezaliwa humo. Msizichokonoe kwa bisibisi. Legezeni nati, muiache kila nati kwenye ncha ya bolti yake ili meno yasiharibike, kisha gongeni bamba kwa nyundo kupitia kipande cha shaba. Koni zitaruka zenyewe, na nati zitazizuia zisipotee kwenye majani. Baada ya kusafisha kila kitu kwa dizeli, kubadilisha sili na kupakaza beringi grisi mpya, mnarudisha habu. Na hapa pana swali ambalo wengi wetu hulijibu kwa mkono na kubahatisha: nati ya beringi ikazwe kiasi gani? Ikilegea, gurudumu linacheza na beringi inajitafuna. Ikikazwa mno, beringi inaungua.

Kitabu cha gari kinasema uikaze nati ya ndani kwa nyutoni mita 60 hivi, uzungushe habu kwenda na kurudi mpaka beringi zikae, uilegeze mpaka igeuke kwa mkono, kisha uikaze tena kidogo na upime. Mimi sikuwa na toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukazia. Lakini nguvu ya kukazia ni kani mara umbali, hilo nililifundisha kidato cha tatu. Ukiwa na mpini wenye urefu wa nusu mita, ukauvuta kwa mizani kwa pembe ya mraba mpaka isome kilo 12, umepata takriban nyutoni 118 mara nusu mita, yaani 59. Nani anahitaji zaidi ya hapo?

Kupima beringi ni rahisi zaidi. Funga kamba kwenye bolti moja ya gurudumu, vuta kwa mizani, na usome pale habu inapoanza kuzunguka. Kwa gari langu inatakiwa iwe takriban kati ya kilo 2.8 na 5.6, wewe soma kitabu cha gari lako. Nilipoipima mara ya kwanza, baada ya kukaza kwa mkono kama nilivyozoea kuona gereji, ilisoma chini ya kilo moja. Ningeondoka hivyo, ningerudi baada ya safari mbili na beringi nyingine mfukoni. Na baada ya kufunga nati ya nje, pimeni tena, kwa sababu nati hiyo nayo inasukuma ile ya ndani. Wengi wanapima mara moja na kusahau.

Mizani yenyewe niliiazima kwa mwenye bucha wa mtaani. Aliniuliza gurudumu la mkonga lina kilo ngapi za nyama, nikamwambia likitengenezwa vizuri halina hata moja. Aliiosha kwanza kwa maji ya moto nilipoirudisha, na siwezi kumlaumu. Wiki iliyofuata nilinunua yangu.

Naingia kwenye jambo lililo gumu kuliona kwa macho, nalo ni hewa kwenye dizeli.

Mkonga wangu ulianza tabia ya asubuhi: unazungusha stata muda mrefu, unawaka, unazima, unawaka tena na kutikisika. Mchana hauna tatizo. Niliambiwa na watu watatu tofauti kwamba pampu ya dizeli imekwisha, iende kwenye mashine. Mnajua gharama yake. Nikawauliza wote swali moja: mmepima nini? Kimya.

Sasa tazameni. Katika injini hii, pampu yenyewe ndiyo inayovuta dizeli kutoka tangini. Bomba lote kati ya tangi na pampu linavutwa, halisukumwi. Mtoto akinywa soda kwa mrija wenye tundu, je, soda inamwagika tunduni? Haimwagiki, anavuta hewa. Ndivyo ilivyo hapa. Bomba likipasuka kidogo hutaona tone la dizeli chini, utaona sakafu kavu na gari gumu kuwaka, kwa kuwa usiku dizeli imerudi tangini na nafasi yake imejaa hewa.

Nikatoa mpira mfupi ulio kati ya filta na pampu, nikaweka mahali pake mpira wa plastiki unaoonyesha ndani. Nikawasha. Mapovu yakawa yanapita kama kwenye chupa ya soda iliyotikiswa. Pampu haikuwa na kosa. Lakini hewa inaingilia wapi: tangini, njiani, au kwenye filta? Nikachukua dumu la dizeli safi, nikatumbukiza mpira mpya, na kuuunganisha moja kwa moja kwenye mlango wa filta, bila tangi wala bomba la chini ya gari. Mapovu yakaendelea. Basi tangi na bomba vimesamehewa, imebaki filta na kichwa chake. Juu ya kichwa hicho kuna pampu ndogo ya mkono, ile tunayoibonyeza kutoa hewa baada ya kubadilisha filta. Mpira wake wa ndani ulikuwa umekauka kwa uzee. Nikabadilisha kichwa hicho kidogo, na asubuhi ya pili gari likawaka kwa kugusa. Angalizo: mpira wa plastiki ni wa kupimia tu. Msiuache, kwa maana joto na dizeli huufanya kuwa mgumu ukapasuka, na hapo mtakuwa mmejitengenezea ugonjwa ule ule.

Kuhusu umeme nitasema kisa kimoja tu. Mama mmoja wa huku kwetu anayebeba mahindi kwa Landrova yake ya Defender alinunua stata, kisha akanunua stata ya pili, na gari likaendelea kuzunguka kwa uvivu kama linalobembelezwa. Betri ilikuwa nzima, volti 12.6 gari likiwa limezimwa. Nikaweka ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, nikamwomba azungushe ufunguo. Katika njia iliyo nzima, kipimo hicho hakipaswi kuvuka nusu volti. Kilivuka mbili. Waya wa ethi, ule unaounganisha nguzo hasi ya betri na chuma cha gari, ulikuwa umefungwa juu ya kutu na rangi. Msasa, bolti moja, grisi kidogo juu yake. Stata zake mbili za zamani bado ziko ghalani, na anazionyesha kwa kila mgeni.

Mafundi mlio hapa, naona mmoja wenu anatikisa kichwa, na ana haki. Kuna kazi ambazo mimi sizigusi nyumbani, na ninawaomba wenzangu wasiziguse. Kupima na kurekebisha pampu ya dizeli na nozeli ni kazi ya mashine. Kupanga meno ya difu, pinioni na krauni, ni kazi ya mtu mwenye vipimo na mwenye mkono. Dramu iliyochongeka iende kwa mwenye leti, mashine ya kuchongea chuma. Mkanda wa taimingi wa 1HZ, unaobadilishwa kila kilomita 100,000, mtu makini anaweza kuufanya mwenyewe, lakini mara ya kwanza asiufanye peke yake, kwa sababu alama zikikosewa au mkanda ukikatika, vali zinakutana na pistoni. Mimi, kwa mkanda wangu wa kwanza, nilimwita fundi nyumbani, nikamlipa siku yake nzima, si kwa ajili ya kazi tu bali ili anivumilie nikiuliza. Malipo hayo sijayajutia. Mafundi wanaotufundisha tuwalipe kama walimu, maana mimi ninajua walimu wanavyolipwa, na tusiwalipe hivyo.

Kijana mmoja aliniuliza mlangoni nilipokuwa naingia: mzee, daftari hilo ni la nini? Ni hili hapa. Kila kilichofunguliwa kimeandikwa: tarehe, kilomita, kilichopimwa, kilichokutwa. Nilipolisoma tena majuzi niligundua kwamba gurudumu la mbele kushoto halijafunguliwa tangu nilipolifanya lile la kulia, na mizani yangu inasubiri.

Kwa hiyo, mwenyekiti, baada ya chai naomba tutoke nje. Mkonga uko chini ya mti, umekaa juu ya stendi mbili, vigingi viko mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, nami nimeshausukuma kwa bega. Soketi ya 54 iko kwenye trei ya mayai, kishimo cha kwanza. Wenye mashati meupe wasimame upande wa upepo, na yule kijana wa daftari aje mbele. Yeye ndiye atakayevuta mizani, na ninyi wote mtasoma kwa sauti.